Kabla ya Kutafuna Kahawa

…elfu moja mia tisa tisini na tano, amesema, na si kweli, wala hakudanganya kwa makusudi, katekista Ishengoma hawezi kudanganya kwa makusudi, ni uvivu tu, hakuja kuniuliza, wakati kutoka hapa hadi Rubya anayejua nani alikufa lini katika nyumba ya mzee Kahangwa ni mimi Klaudia, na daftari langu liko kabatini, hatua kumi kutoka pale aliposimama na karatasi zake, dada yangu Felicitas alikufa tarehe kumi na saba Julai tisini na nne, siku ya Jumapili, saa tatu asubuhi, watu wakiwa misa ya kwanza, na mtoto wake Evelyne alikuwa na miaka mitatu na miezi kumi na moja, si minne, alikuwa amekaa kizingitini anakula ndizi ya kuchoma na majivu yamemjaa mdomoni, lakini tisini na tano imeshasomwa mbele ya watu sitini, watu wameitikia kwa vichwa, Evelyne mwenyewe ameitikia kwa kichwa, na kesho keshokutwa mtu ataniambia nimekosea mimi… "akabaki yatima angali mdogo, lakini Mungu hakumwacha," anasoma Ishengoma katika wasifu wa kumuaga Evelyne, ndiyo, Mungu hakumwacha, Mungu aliamka saa kumi usiku akamchemshia uji, Mungu alimbeba mgongoni kilomita nane na surua yake, Mungu aliuza debe la kahawa mbichi kabla ya msimu ili apate sare ya shule… nisamehe, sikutaka kusema hivyo, asubuhi kama hii, ila sikia, "akalelewa katika mazingira ya imani na mama yake mdogo," basi, maneno tisa, miaka thelathini na mmoja imeingia katika maneno tisa na moja kati ya hayo ni "mdogo", kisha padri aliyempa madaftari mawili akiwa darasa la tano amepata aya nzima.

Kifurushi kiko mapajani mwangu na jani la mgomba limeanza kulainika kwa joto la mikono yangu, ndani mna punje za akamwani, kahawa ya kutafuna, nimezichemsha mwenyewe na majani yake juzi, nimezianika mwenyewe, nimezichagua moja moja nikatupa zilizopasuka, kwa sababu kwetu msafiri wa mbali hatoki uani bila kutafuna kahawa na mama wa nyumba, kutoka kiganja kimoja, moja kwake moja kwako, na baba yetu mzee Kahangwa hakuwa na mzaha na jambo hili, alisema mkishatafuna hakuna tena neno la kudaiana mpaka msafiri arudi, mwenye neno aliseme kabla au alimeze, Byarugaba kaka yangu alipokwenda Mwanza mwaka themanini na saba akiwa amevunja baiskeli ya baba, baba alilisema neno lake kwanza, kwa muda wa nusu saa, gari linamsubiri barabarani, ndipo akakunjua mkono akampa punje, na hakuitaja baiskeli ile tena hadi anakufa. Na mimi nina neno. Ninalo tangu Februari, tangu Jumapili ile Evelyne aliporudi kutoka parokiani na uso unang'aa akasema wamenichagua, Mae, ndivyo anavyoniita, mama, miaka miwili, Peru, nyumba ya watoto yatima, wanahitaji muuguzi, na mimi nilikuwa namenya ndizi, sikuacha kumenya, nikasema vizuri, na kisu kikaendelea, lakini neno lilizaliwa palepale, na tangu siku hiyo nimelipunguza na kulinyoosha hadi limekuwa fupi, safari hii ilikuwa yangu, Evelyne, nikaiacha kwa ajili yako. Hivyo tu. Sitapaza sauti. Nitalisema nikiwa nimeinama karibu na sikio lake, kabla ya kufungua kiganja, na namjua mtoto yule, nimemlea, akilisikia hatapanda lile gari, atamwambia dereva ashushe mabegi, atavua ile fulana nyeupe yenye msalaba kifuani na kuingia jikoni kuwasha moto, na hatanilaumu kamwe, na mimi nitakuwa naye.

"Huko Peru wanakula matoke?" ni Verdiana, jirani yangu, hawezi kukaa dakika mbili bila kuongea hata katika mazishi, namjibu wanakula viazi, "Viazi tu? Basi atarudi amenyooka kama fito ya kibanda," namwambia nyamaza tusikie, ananyamaza, anaanza tena, "na hao watoto, hawana shangazi zao, hawana mama wadogo, mpaka mtu atoke Muleba akawaogeshe?" na swali hilo ni langu, Verdiana amelisema kwa mzaha na mimi nimelala nalo miezi minne, hawana watu wao? Sisi hapa miaka ile kila nyumba ilikuwa na watoto wa mtu mwingine, ugonjwa ule ulipita ukachagua vijana ukaacha vikongwe na vitoto, jirani wa juu alikuwa na watano, yule wa bondeni alikuwa na saba na jicho moja, hakuna aliyetuvisha fulana, hakuna aliyesoma wasifu wetu, hakuna aliyeita kazi ile utume, uliambiwa tu watoto ni hawa, ukasogeza sufuria kubwa mbele na ndogo nyuma. Na sasa naiona picha ile aliyonionyesha kwenye simu, watoto kumi na wawili wamekaa kwenye ngazi, nywele nyeusi zimenyooka, wamevaa sweta nyekundu, mmoja, wa mwisho kushoto, ameshika kiatu mkononi badala ya kukivaa, na Evelyne alimgusa kwa kidole kwenye kioo akacheka, akasema huyu ndiye atanisumbua, na kicheko kile nilikijua, ni kicheko changu, ndivyo nilivyokuwa nikimcheka yeye, mwanamke wa miaka hamsini na minne namwonea wivu mtoto wa Peru asiyevaa kiatu. Atamkata kucha. Atamwimbia ule wimbo wa kuoga niliomtungia mimi, hautakuwa na jina langu, utafika ng'ambo ya bahari peke yake kama barua isiyo na mtumaji.

"Mzee, saa inakimbia," dereva Awadhi amesimama kando ya gari, ametoka Bukoba alfajiri, mtu wa heshima, alikataa togwa kwa sababu amefunga Alhamisi yake, kaka Byarugaba anamjibu kutoka kwenye kiti kikubwa cha baba, "Ndege haiwezi kuruka ikamwacha mtu mwenye tiketi," na Awadhi anasema, "Hiyo labda ya kwenu huku, mzee, ile ya Bukoba inaruka na kiti kitupu bila aibu," watu wanacheka, Ishengoma anasubiri kicheko kiishe, anatafuta mstari wake kwa kidole, na Evelyne ananitazama. Kutoka ng'ambo ya uani, juu ya majamvi ya kahawa iliyoanikwa, ananitazama, kwa sababu anajua nina neno, asubuhi akikunja nguo za mwisho aliniuliza, "Mae, kweli huna neno? Usije ukalimeza kwa kunionea huruma, babu hakupenda neno la kumezwa," nami nikamjibu bado nalipanga, akasema, "Lipange, mimi sitaondoka bila kulichukua," akafunga zipu ya begi. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, muuguzi, wagonjwa wa hospitali ya Rubya wanaamka vitandani wakiuliza sista Evelyne yuko zamu? na mbele yangu bado anasubiri kuambiwa kosa lake kama amevunja kibuyu… Sijawahi kumwambia. Sijamwambia mtu yeyote. Barua ile niliichoma jikoni, na siku yenyewe sikuiandika katika daftari, daftari ni la wazaliwa na waliokufa na waliooana, barua haikuwa lolote kati ya hayo, lakini nayakumbuka maneno yake yote, masista walinikubali, Klaudia Kahangwa, cheti cha kidato cha nne, mwaka mmoja wa malezi Bukoba kisha Brazili, nyumba ya watoto wasio na wazazi, Brazili ambayo imepakana na Peru, nimeiangalia kwenye ramani ya shule, mstari mmoja tu unazitenganisha, ningekuwa mtu aliyevuka bahari, leo ningekuwa nazungumza lugha yao, watoto wangekuwa wananiita kwa jina ambalo silijui. Kisha Felicitas akafa akaniachia mtoto na nikabaki. Ndivyo ilivyo. Kwanza kifo, kisha barua, kisha nikabaki. Nimejisimulia hivyo kila nilipoona ndege inapita juu ya ziwa, kila alipofaulu mtihani, alipovishwa kofia ya uuguzi, nikapiga makofi na moyoni nikasema ndiyo, piga hatua, unatembea juu ya mgongo wangu.

"Hizo senene mmezifunga vizuri?" Verdiana tena, ananyoosha shingo kuangalia begi dogo, "mwanangu alipelekea watu Dar, mfuko ukapasuka ndani ya basi, abiria wakafikiri wamevamiwa," namwambia ziko kwenye kopo, zimekaangwa zikakauka, haziruki, "na mabawa mmeng'oa yote? Wageni hawali kitu chenye bawa," nimeng'oa, Verdiana, nimeng'oa mwenyewe, nilikaa pale nje na ungo… na ungo… ule ungo mpana wenye ukingo uliochanika, si mimi niliyekuwa nao, ni Felicitas, amekaa juani na blanketi mabegani kwa sababu alikuwa anasikia baridi hata mchana, vidole vyake vimekuwa vyembamba kama njiti lakini vinakwenda haraka, bawa, bawa, mguu, anatupa kwenye sufuria, na Byarugaba anaingia na baiskeli kutoka posta ya Muleba akisema barua ya Klaudia, ina muhuri wa masista, na mimi naifungua palepale nimesimama, naisoma kwa sauti, na Felicitas haachi kung'oa, anasema…

Subiri. Subiri kwanza. Huo ulikuwa msimu wa senene. Novemba. Na Felicitas anang'oa mabawa. Felicitas alikufa Julai, wakati wa kuchuma kahawa, kama sasa hivi, jeneza lilipita kati ya majamvi kama haya, watu waliyasogeza kwa miguu ili lipite, hilo nimeliandika, halina ubishi, Julai tisini na nne, na Novemba iliyofuata alikuwa chini ya migomba kule nyuma ya nyumba, hakuna ungo, hakuna mabawa. Kwa hiyo barua… Novemba tisini na tatu. Barua ilikuja kwanza. Alikuwa hai. Aliisikia. Mimi ninayewasahihisha watu wote, ninayesimama katika vikao vya ukoo kusema hapana, huyo alibatizwa kabla ya masika, mimi nimeibeba tarehe hii ikiwa imegeuzwa miaka thelathini na haikunisumbua siku moja, kwa sababu sikumsimulia mtu, na kosa lisilo na msikilizaji halina wa kulisahihisha… na alisema nini, alisema kitu, akitupa senene kwenye sufuria, alisema nenda. "Nenda, Klaudia. Usinisubiri. Mtoto atakaa kwa Byarugaba, nimeshaongea na mkewe, amekubali." Hivyo, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho, na Byarugaba amesimama pale na baiskeli yake, anaweza kuulizwa sasa hivi, yuko kwenye kiti cha baba, nikimuuliza, kaka, mkeo alikubali kumchukua mtoto? atasema ndiyo, tulishamtengea na kitanda, wewe ukakataa. Mimi nikakataa. Kitanda kilikuwepo.

Basi kwa nini. Sema, Klaudia, hapa hakuna anayesikia, Ishengoma anasoma habari za mafunzo ya lugha, wote wanamtazama yeye. Kwa sababu mtoto alikuwa amehamia kitandani kwangu tangu Septemba, kukohoa kwa mama yake kulimwamsha, na usiku mmoja aligeuka usingizini akanishika sikio akaniita Mae, mimi, si mama mdogo, Mae, na ukuta ule ni wa miti na udongo, unapitisha hata pumzi, upande wa pili kikohozi kikanyamaza, na nikajua amesikia, na sikusema, mimi siye, mama yako yuko pale. Mimi ambaye husahihisha kila kitu. Nilinyamaza, na ukimya ule ulikuwa mtamu, Mungu wangu, ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa, kwa sababu Felicitas ndiye aliyekuwa mzuri, Felicitas ndiye aliyeposwa na watu watatu, Felicitas alikuwa na mume na harusi na mtoto mwenye macho yale, na mimi nilikuwa na cheti, na sasa katika giza kilikuwa kimekuja kitu kimoja chake na kunichagua mimi. Januari niliwajibu masista. Naikumbuka karatasi, yenye mistari, nimeitoa katikati ya daftari la hesabu, niliandika nasikitika siwezi, nina mtoto. Niliandika nina mtoto, na mama wa mtoto yuko hai chumba cha pili, ananiomba maji. Hakuna aliyeniibia Brazili. Niliibadilisha kwa kitu nilichokitaka zaidi, na kilikuwa cha mtu, na nikakaa miezi sita nikingoja kiwe changu… sikumwombea afe, hilo hapana, nilimuuguza kwa mikono yangu, nilimwosha, ila nilipokuwa namwosha nilikuwa tayari nimeshaandika. Na yeye hakuniuliza kamwe kwa nini sikwenda. Alijua. Siku za mwisho alimwambia mtoto nenda kwa Mae, akinionyesha mimi kwa kidevu, nami nikafikiri ni homa.

Na neno langu, lile nililolinyoosha miezi minne, nilikuwa nimwinamie mtoto huyu nimwambie nikaiacha kwa ajili yako, nimfungie mguuni jiwe ambalo si lake, na angelibeba, hilo ndilo la kutisha, angelibeba bila kuuliza… "Klaudia, umekuwaje, unatoka jasho," Verdiana ananigusa goti, namwambia ni jua, anasema jua gani, tuko kivulini, ananipa kitambaa chake chenye harufu ya sabuni ya mche, najifuta. Wivu haujaondoka, nisijidanganye mara mbili kwa siku moja, upo, ila umegeuza uso, haumtazami tena Evelyne wala yule mtoto wa kiatu, unatazama kule nyuma, kwenye migomba, namwonea wivu Felicitas, si kwa uzuri wake wala kwa harusi yake, ni kwa lile neno, aliwezaje, akiwa na miezi minane tu ya kuishi na mimi ndiye nimpaye maji, kunitazama na kuniambia nenda, akiwa anamaanisha nenda, bila kunyamaza kidogo katikati, bila kuninyooshea deni lolote, huku mikono yake inaendelea na kazi. Mimi sijawahi kumwambia mtu neno hilo. Nimesema vizuri. Nimesema umeshaamua. Nimesema si unajua mwenyewe. Alipokwenda chuo nilimwambia funga dirisha la basi kuna vumbi. Nenda, silabi mbili, nalijaribu bila kufungua mdomo, linagonga meno linarudi, najaribu tena, sauti si yangu, ni nyembamba mno, mtoto atasikia ufa… Evelyne bado ananitazama, amenyanyua nyusi kidogo, anauliza kwa macho, tayari? natikisa kichwa, bado, na kwa kuwa ni Evelyne anatabasamu na kusubiri. Awadhi amefungua mlango wa gari na kuuegemea. Byarugaba anasinzia au anasali. Mbele, Ishengoma amefika mwisho wa karatasi, watu wameanza kujinyoosha wakidhani amemaliza, lakini hapana, analamba kidole, anageuza, kuna ukurasa mwingine, nasikia mtu anaguna, na mimi peke yangu katika uwanja huu namshukuru Mungu kwa ukurasa huo, asome polepole, akosee hata tarehe zote, nina muda wa ukurasa mmoja kujifunza kulisema neno la dada yangu kama mtu anayelimaanisha.